Steve Paxton: Dansi ya Kutembea, Kusimama na Kuanguka

Steve Paxton alizaliwa Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, tarehe 21 Januari 1939. Hakuingia kwenye dansi kwa kuipenda. Shuleni alikuwa mchezaji wa jimnastiki, na masomo ya dansi aliyaanza ili aruke na kutua vizuri zaidi. Mwanzo huo ulimfuata maisha yake yote. Wapo walioifikia dansi kwa njia ya muziki, na wapo walioifikia kwa njia ya hadithi. Yeye aliifikia kwa kutaka kujua mwili unavyopaa, unavyogeuka hewani na unavyorudi chini bila kuumia.

Katika kiangazi cha mwaka 1958 alikwenda Connecticut College, mahali ambapo wakuu wa dansi ya kisasa ya Marekani walikusanyika kila mwaka kufundisha na kuonyesha kazi zao. Dansi hiyo ilikuwa imezaliwa kama uasi dhidi ya baleti, lakini kufikia wakati huo waasi walikuwa wameshazeeka na kuwa na mbinu zao, makundi yao na wafuasi wao. José Limón alifundisha kuanguka na kuinuka kwa mwili uliobeba fahari na majonzi ya binadamu. Merce Cunningham alikuwa ameiondoa hadithi kabisa: muziki na dansi vilitungwa mbalimbali na kukutana jukwaani tu, na mara nyingine mpangilio wa hatua uliamuliwa kwa kurusha sarafu. Paxton alihamia New York, akacheza kwa muda mfupi katika kundi la Limón, kisha mwaka 1961 akajiunga na la Cunningham, akakaa humo hadi 1964.

Kwa mchezaji kijana hiyo ilikuwa nafasi ya kuonewa wivu. Hata hivyo kilichomjenga zaidi kilikuwa darasa dogo lililofanyika katika studio hiyohiyo ya Cunningham. Mwanamuziki Robert Dunn, aliyekuwa amesoma kwa mtunzi John Cage, alianza mwaka 1960 kufundisha utunzi wa dansi kwa wanafunzi watano, Paxton akiwa mmojawao pamoja na Simone Forti na Yvonne Rainer. Dunn hakuwa mtunzi wa dansi, na huenda hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya darasa lake. Hakumwambia mtu kazi yake ni nzuri au mbaya. Aliuliza imetungwa kwa njia gani. Mwanafunzi aliweza kuleta orodha, namba, picha au kanuni ya kubahatisha, mradi kazi itoke ndani yake.

Darasa lilipokuwa kubwa kupita chumba chake, wanafunzi walitafuta mahali pa kuonyesha. Kanisa la Judson Memorial, pembeni mwa bustani ya Washington Square, liliwafungulia milango, na jioni ya tarehe 6 Julai 1962, katika joto kali, watunzi 14 walionyesha kazi 23 bila kiingilio. Kikundi hicho, kilichoitwa baadaye Judson Dance Theater, kilidumu kwa umoja wake miaka michache tu. Wachoraji na wanamuziki walicheza pamoja na wachezaji waliosomea, na suala la nani anastahili kuitwa mchezaji likaachwa wazi.

Paxton ndiye aliyelisukuma suala hilo mbali kuliko wenzake. Katika Proxy, aliyoitunga mwaka 1961, wachezaji walitembea, walisimama, walikula na kunywa maji, na kuna aliyesimama ndani ya beseni lililotandikwa gololi za chuma. Hakuwaonyesha hatua za kuiga. Aliwapa picha zilizobandikwa kwenye karatasi, kila mmoja akatafuta mwenyewe njia ya kutoka pozi moja hadi jingine. Katika Flat ya mwaka 1964 mwanamume aliyevaa suti alizunguka jukwaani, akaketi kwenye kiti, akaanza kuvua: viatu, koti, shati, suruali. Hapakuwa na pa kutundika nguo isipokuwa mwilini mwake, kwa kuwa kulabu zilikuwa zimebandikwa kwenye ngozi yake, naye akatundika kila vazi hapo. Katikati ya tendo aliganda, mguu mmoja ndani ya suruali, muda mrefu kupita uvumilivu wa watazamaji, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwisho alivaa tena. Waliokuja kutazama ufundi wa miguu walitoka wamekasirika, na hawalaumiki: Paxton alikuwa na ufundi huo tele, ila aliukalia makusudi.

Kazi iliyobaki kuwa kipimo cha kipindi hicho ni Satisfyin' Lover ya mwaka 1967. Watu kati ya 30 na 84 huvuka jukwaa kwa kutembea, wakitoka upande mmoja kwenda mwingine, kila mmoja akifuata maelezo yaliyoandikwa: tembea hatua kadhaa, simama kwa muda fulani, endelea, wengine huketi kwenye viti vichache vilivyowekwa njiani, wakainuka, wakaendelea. Hakuna muziki. Hakuna anayemtazama mwenzake kwa namna ya kuigiza. Mavazi ni ya kila siku, na watembeao si lazima wawe wamewahi kusimama jukwaani. Kwa maelezo haya kazi inaonekana kavu, lakini ukiitazama dakika tatu nne macho huanza kuona: huyu anaburuta kisigino, yule anatanguliza kifua, mwingine hajui mikono aiweke wapi, mzee anatua mguu kwa tahadhari ambayo kijana hajaijua bado. Jill Johnston, aliyekuwa akiandika habari za dansi katika gazeti la Village Voice, aliisifu kwa sababu hiyohiyo, kwamba watu wa kawaida, wanene kwa wembamba, wametosha. Mwaka uliofuata Paxton alitunga State, ambamo kundi la watu husimama tu, na hapo akawa ameshayagusa mawili kati ya mambo matatu yaliyomshughulisha hadi mwisho: kutembea na kusimama. Kuanguka kulikuwa bado.

Mbegu yake, hata hivyo, ilikuwa imeshapandwa miaka michache kabla. Katika ziara ndefu ya kundi la Cunningham mwaka 1964, iliyopita Ulaya na Asia kwa miezi sita, alifika Japani na kuanza kuijua aikido, sanaa ya kujihami ambayo hufundisha kuanguka kabla ya kufundisha kumwangusha mtu. Ziara hiyo ilikuwa ya mwisho kwake katika kundi. Miaka ya baadaye alirudi kwenye aikido kama mwanafunzi, na mabingirio yake yakawa msingi wa mengi aliyofundisha.

Alikuwa na ukaidi wa kimyakimya. Mwaka 1970 chuo kikuu kimoja cha New York kilimzuia kuonyesha Satisfyin' Lover ikitembewa na watu walio uchi. Badala yake alipanda jukwaani na kutoa mhadhara kuhusu udhibiti wa sanaa huku daktari akimtia maji kwenye mshipa kwa sindano mbele ya watazamaji. Kazi hiyo aliiita Intravenous Lecture. Hoja ilieleweka: uchi umekatazwa, lakini sindano inayopenya mwilini hakuna aliyefikiria kuikataza.

Mwaka huohuo kazi ya Yvonne Rainer iliyokuwa ikibadilishwa kila inapoonyeshwa ilivunja ganda lake. Rainer alichoka kuwa mkuu, na wachezaji wake wakaanza kufanya wapendavyo. Hivyo likazaliwa Grand Union, kundi lisilo na kiongozi wala mazoezi, ambalo lilipanda jukwaani bila kujua litafanya nini. Ndani yake walikuwamo Rainer, Paxton, Trisha Brown, David Gordon, Barbara Dilley, Douglas Dunn na Nancy Lewis. Walicheza, walizungumza, waligombana na kutaniana mbele ya watu hadi 1976. Zipo jioni zilizokuwa za kupendeza mno na zipo zilizokwama. Paxton alipata humo shule ya kubuni papo hapo ambayo hakuna darasa lingempa, yaani kusubiri, kutambua wazo la mwenzako kabla halijakomaa, na kuacha lako life bila kinyongo.

Januari 1972 Grand Union ilialikwa kufundisha Oberlin College, jimboni Ohio. Paxton alifundisha mambo mawili yaliyopingana. Saa moja asubuhi, kukiwa bado na giza la majira ya baridi, wanafunzi wake walisimama tu. Aliwaelekeza walegeze kila msuli usiohitajika kisha waangalie kinachobaki. Mwili uliosimama hautulii kamwe: kifundo cha mguu husahihisha, goti hujibu, uti wa mgongo huyumba unywele mmoja mbele na kurudi, na yote hufanyika bila amri ya akili. Misukosuko hiyo midogo aliiita dansi ndogo. Kwa darasa la wanaume, kwa upande mwingine, alitandika mkeka wa mieleka ndani ya ukumbi wa michezo na kuwafundisha kujirusha. Matunda yake yalikuwa Magnesium, onyesho la kama dakika kumi ambamo wanaume walijitupa hewani, wakagongana, wakaporomoka, wakabingirika na kuinuka kujitupa tena. Liliishia kwa wote kusimama kimya kwa dakika kadhaa wakicheza dansi ndogo, vifua vikipanda na kushuka.

Miongoni mwa watazamaji alikuwa mwanafunzi aliyeitwa Nancy Stark Smith, mwanamichezo aliyekuwa ameona dansi ya kisasa kuwa baridi mno kwake. Alimwendea Paxton akamwambia kwamba kama siku moja kazi hii itawahusisha wanawake, angependa kujua. Miezi mitano baadaye alijulishwa.

Juni 1972, kwa ruzuku ya dola 2,000, Paxton aliwakusanya New York wanafunzi kutoka vyuo alivyokuwa amefundisha, pamoja na wachezaji wenzake wachache. Waliishi pamoja ghorofani katika mtaa wa Wachina, wakafanya mazoezi kutwa kwenye mkeka mmoja, kisha wakahamia katika ukumbi wa picha wa John Weber. Huko walicheza saa tano kila siku kwa siku tano, wageni wakiingia na kutoka kama watu wanaotazama michoro ukutani. Jambo walilokuwa wakilifanya Paxton alilipa jina ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa dansi ya mgusano: watu wawili wanagusana, wanapeana uzito, na kutokana na uzito huo miondoko inazuka bila kupangwa.

Ufundi wake huonekana vyema pale mtu anapobebwa. Mwanamke mwenye umbo dogo anaweza kumbeba mwanamume mkubwa kuliko yeye, na si kwa nguvu za mikono. Huteremsha nyonga yake chini ya kitovu cha uzito cha mwenzake, mgongo ukawa rafu, magoti yakakunjwa, na mzigo ukashuka kwa mifupa hadi sakafuni. Mikono haishiki wala kukamata, kwa kuwa anayeshikwa hana tena uhuru wa kuondoka. Anayebebwa naye si gunia. Hubaki macho, tayari kutua wakati wowote. Kutua ndiko kulikofundishwa zaidi. Aliyeanguka kwa kujikaza huupokea mshindo wote kwenye kiwiko au goti. Aliyefundishwa hujinyoosha ili uso mkubwa zaidi wa mwili uiguse sakafu, kisha anguko hugeuzwa bingirio linalozunguka kutoka mkononi, kupitia begani, kukata mgongo kwa mshazari hadi nyonga ya upande wa pili. Katika filamu ya mwaka 1987 iitwayo Fall After Newton, inayofuatilia miaka 11 ya mwanzo ya dansi hiyo, Stark Smith anaonekana akiporomoka kwa kasi kutoka juu na kutua chali. Anguko linarudiwa polepole, na sauti ya Paxton inaeleza. Kwenye mwendo wa kawaida ni ajali. Kwenye mwendo wa taratibu inaonekana viungo vimeshafunguka kuipokea sakafu kabla fahamu haijapata habari.

Dansi hiyo ilisambaa haraka kuliko walimu wake. Paxton na wenzake walizunguka pwani ya magharibi ya Marekani mwaka 1973, wakafika hadi Roma, na waliowaona walirudi makwao kujaribu. Wengine waliumia. Mwaka 1975 waanzilishi waliandaa karatasi za kulisajili jina, ili asifundishe mtu asiyeidhinishwa. Baada ya kutafakari waliziacha bila kutia saini. Waliona kwamba njia hiyo ingewafanya kuwa polisi wa marafiki zao. Walichagua kuandikiana: wakaanzisha jarida la habari za mazoezi, hatari na uvumbuzi, ambalo chini ya uhariri wa Nancy Stark Smith, na baadaye Lisa Nelson pamoja naye, lilikua na kuwa Contact Quarterly. Kati ya yote aliyoyafanya Paxton, kushiriki katika uamuzi huu ndilo jambo lililozaa matunda mengi zaidi. Martha Graham, mmoja wa wakuu wa dansi ya kisasa, aliacha mbinu yenye jina lake, na baada ya kifo chake kazi zake ziligombaniwa mahakamani. Dansi ya mgusano haikuwa na cha kugombaniwa.

Uhuru huo haukukosa kasoro. Waliokusanyika katika mikeka ya mwanzo walikuwa takriban wote Wazungu, wengi wakitoka vyuoni, na usawa uliohubiriwa haukuuliza nani hayupo. Mwaka 1983, katika sherehe ya miaka 11 ya dansi hiyo huko New York, wachezaji wawili weusi, Ishmael Houston-Jones na Fred Holland, walionyesha kazi iliyotungwa kwa kuvunja kila desturi. Walivaa mabuti mazito badala ya kucheza pekupeku, walivaa nguo zao za mitaani, walipiga kanda yenye makelele, walizungumza wakicheza, na walikwepa kugusana kadiri walivyoweza. Haikuwa dhihaka tupu. Wote wawili waliijua kazi hiyo vizuri, na walionyesha kwamba hata dansi isiyo na sheria ilikuwa imejitungia sheria bila kujitambua. Suala la mguso na ridhaa nalo liliibuka baadaye, na mikusanyiko mingi sasa huwa na miongozo iliyoandikwa, kitu ambacho mwaka 1972 kingeonekana kichekesho.

Paxton mwenyewe hakukaa kwenye kiti cha mwasisi. Mapema miaka ya 1970 alikuwa ameshahamia Mad Brook Farm, shamba la wasanii kaskazini mwa jimbo la Vermont, akilima bustani na kusafiri kwenda kufundisha. Kituo chake muhimu nje ya nchi kilikuwa Dartington College of Arts, kusini-magharibi mwa Uingereza, alikofundisha kwa vipindi tangu 1973 pamoja na Mary Fulkerson. Hapo pia, mwaka 1986, yeye na Anne Kilcoyne walianzisha Touchdown Dance kwa ajili ya watu wasioona na wenye uoni hafifu. Wazo lilikuwa rahisi na la haki: dansi inayosomwa kwa ngozi na uzito haina sababu ya kumtenga asiyetumia macho. Tena liliwalazimu walimu wanaoona wafundishe bila kutegemea kuonyesha kwa mfano.

Mwaka huohuo wa 1986 alianza uchunguzi alioupa jina la Material for the Spine, yaani mazoezi ya uti wa mgongo. Alikuwa ameona kwamba wachezaji wa dansi ya mgusano hutumia misuli ya mgongo kwa namna ambayo shule nyingine za dansi, zinazoanzia miguuni na mikononi, haziigusi. Alilivunja bingirio la aikido vipande vipande, akafuata mizunguko yake ndani ya kiwiliwili, akarudi hata kwenye kutembea ili kuchambua nyonga inavyojipinda hatua kwa hatua. Kazi hiyo ilitolewa mwaka 2008 katika diski ya video na shirika la Contredanse la Brussels. Ni mafunzo magumu, yanayodai subira, na aliyezoea walimu wa kutia hamasa anaweza kuyaona makavu. Paxton hakuwa mwalimu wa kutia hamasa. Alitoa maelekezo machache kwa sauti ya chini, kisha akaacha ukimya ufanye kazi yake.

Jukwaani, miaka hiyo ilikuwa ya kucheza peke yake au na mtu mmoja. PA RT, aliyoianza na Lisa Nelson mwaka 1978, ilitumia sauti ya mtunzi Robert Ashley akisoma. Kuanzia 1986 hadi 1992 alicheza kwa kubuni papo hapo mbele ya muziki wa Bach uitwao Goldberg Variations, ulivyopigwa na mpiga piano Glenn Gould. Gould aliurekodi mara mbili, kijana mwaka 1955 na mtu mzima mwaka 1981, na Paxton alizitumia rekodi zote mbili. Muziki alikuwa akiujua noti kwa noti, kama mtu anavyoujua wimbo wa utotoni, lakini miondoko hakuipanga. Hapa ndipo ugumu wa kubuni papo hapo ulipojitokeza waziwazi, kwa sababu mwili uliokutana na muziki uleule mara nyingi huanza kukariri wenyewe. Kila jioni ilibidi mazoea yatambuliwe na kukwepwa huku muziki ukiendelea bila kumsubiri. Mtengenezaji filamu Walter Verdin aliinasa kazi hiyo huko Ubelgiji, na katika filamu unaona mgongo ukiongoza, kichwa kikifuata, mikono ikichelewa kidogo kama inayosikia habari kwa mtu wa pili. Ash ya mwaka 1997 ilihusu kifo cha baba yake, na Night Stand ya mwaka 2004 ilimrudisha jukwaani na Nelson.

Heshima zilikuja zikiwa zimechelewa. Mwaka 2000 Mikhail Baryshnikov, bingwa wa baleti, alizirudisha kazi za Judson kwa kundi lake la White Oak, na Satisfyin' Lover ikatembewa na wakazi wa kila mji ambako kundi lilipita. Mwaka 2014 Paxton alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya Venice kwa kazi ya maisha yake, katika mji uleule ambako miaka 50 kabla alikuwa amecheza kama mmoja wa wachezaji wa Cunningham. Jumba la Culturgest la Lisbon lilimwandalia maonyesho makubwa mwaka 2019. Mwaka uliofuata, Mei 2020, alimpoteza mwenzake wa siku nyingi, Nancy Stark Smith.

Steve Paxton alifariki nyumbani kwake Mad Brook Farm tarehe 20 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 85. Hakuacha kundi lenye jina lake wala shule ya kutoa vyeti. Dansi ya mgusano huchezwa leo katika miji mingi ya dunia, na mpaka sasa hakuna chombo kinachoimiliki wala kinachoidhinisha walimu wake.